Habari za Somoe wa Magomeni na Siku Aliyoitwaa Bima ya Makosa Yake

Tueni vikombe vyenu, enyi mlioketi vibarazani kutoka Chuno mpaka Kilambo! Wacheza bao wazuie kete mkononi, wabangua korosho wafute vidole, na mwenye mtoto anayelia ambembeleze upesi, kwa maana inakuja habari nzito ambayo hakuna aliyepata kuisimulia kwa kuwa hakuna aliyethubutu: habari ya Somoe binti Hemedi, Mwenye Jicho la Majani, Mtimua-Ukungu, aliyeikabili bima barazani kwao mpaka ikabaki nyumbani. Ewe ulimi wangu, leo usinitie aibu!

Huyu Somoe alikuwa bingwa wa mikorosho. Miaka na miaka aliajiriwa, akipanda gari la watu na kutii amri za watu, na adui wake mkuu alikuwa Ubwiriunga, ule ugonjwa mweupe wa ukungu unaoyavamia maua ya mikorosho na kuyakausha kabla hayajashika korosho. Alimpiga Ubwiriunga kwa unga wa dawa ya salfa mashambani Kilambo, akamfukuza ukingo mzima wa Ruvuma, na adui huyo kila akisikia jina la Somoe alijikunyata chini ya jani. Ndipo siku moja, moyo ukiwa umemjaa ushujaa na pengine kiburi kidogo, akaacha ajira na kutangaza kwamba tangu hapo atatoa ushauri kwa jina lake mwenyewe.

Kampuni moja ya kubangua korosho ilisikia tangazo hilo ikampa mkataba wake wa kwanza, kuwashauri wakulima wa Kilambo msimu mzima. Lakini ndani ya mkataba ule palikuwa na sharti, nalo lilisimama mbele yake kama geti la chuma: asisaini mtu asiye na bima ya makosa ya kitaalamu, ile inayomlipa mteja pale mtaalamu anapotoa ushauri mbovu na watu wakapata hasara.

Zamani akikosea, mwajiri ndiye aliyejibu. Sasa akikosea atashtakiwa yeye, na katika dunia yote pana alikuwa na kitu kimoja tu cha kunyang'anywa, nacho ni nyumba ya Magomeni yetu hii ya kusini, aliyoachiwa na marehemu baba yake, anamoishi mama yake mzazi, Bi Mwanahamisi. Somoe alimtazama mama yake akifagia ua ule, akaogopa, tena akaogopa sana.

Basi akawaita mawakala wawili wa bima, kila mmoja na kampuni yake, waje barazani siku moja na saa moja wapimane nguvu. Akaja Kassimu Mwenye Viatu Ving'aavyo, aliyenukia uturi tangu kona ya barabara. Akaja na Rukia Mwenye Mkoba Mzito, asiyecheka ovyo. Wakaketi mkekani, wakaletewa chai, na Kassimu akawa wa kwanza kuchomoa upanga wa maneno.

"Bi Mkubwa, na wewe dada yangu Somoe," alinena, akiweka mkono kifuani, "bima yetu ni ngome! Ni ukuta! Mwenye bima yetu hulala fofofo kama mtoto aliyeshiba!"

"Na yetu vilevile," alisema Rukia, akanywa chai.

Bima mbili zile zilifanana kama mapacha waliovishwa sare, na njia ya kuzitenganisha ilikuwa moja tu, kuuliza. Somoe akajikaza, akavuta pumzi, akafungua kinywa. "Je, nikikosea..."

"Koma!" Bi Mwanahamisi alinguruma kutoka mlangoni. "Uchuro gani huo? Hata kazi hujaanza, unajiapiza!"

"Mama, nauliza tu. Kwa mfano, wakulima wakipata hasara..."

"Mungu apishilie mbali! Katika nyumba hii hayo hayatamkwi. Karibuni chai, wageni wangu."

Akajaribu tena, akarudishwa tena. Ole wake shujaa anayetaka kununua kinga ya balaa katika nyumba ambamo balaa haliruhusiwi kutajwa! Kassimu alishaanza kutoa kalamu. Na ukweli usemwe, hata Somoe mwenyewe, kila neno "nikikosea" lilipomjia, alihofu kwamba linaita balaa, kwa kuwa alilelewa humo humo na mama mwenye uoga huo huo.

Ndipo ilipomjia ile hila ambayo kwayo jina lake litadumu. Somoe alikuwa Myao, naye alikuwa na mtani, Laurinda wa Chuno, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, muuza makopa ya muhogo mkavu, mwanamke ambaye sauti yake ilifika sokoni kabla yake. Na mtani ana ruhusa. Mtani hukuapiza arusini kwako, huvuruga msiba wako, hudai kuku wako, na hakuna mwenye haki ya kununa. Somoe akashika simu.

"Mtani, njoo unitukane."

"Saa hizi?"

"Saa hizi hizi. Na uniapize."

"Subiri nifunike makopa yangu," alisema Laurinda, na furaha ilisikika wazi katika sauti yake.

Akafika na bodaboda, vumbi likitimka nyuma yake, hakusubiri hata kukaribishwa. Alisimama katikati ya baraza, mikono kiunoni, akawakazia macho mawakala. "Nisikilizeni, nyinyi wa bima! Huyu Myao simtakii mema. Ni mjinga tangu kuzaliwa. Atakwenda Kilambo awaambie watu wapulize salfa mchana kweupe, upepo unavuma, salfa yote ivuke mto ikatibu mikorosho ya shangazi zangu kule Msumbiji. Mnalipa?"

"Tunalipa," walisema mawakala kwa pamoja. Bi Mwanahamisi alifungua kinywa kukemea, akakumbuka kwamba huyu ni mtani, akaishia kucheka kwenye upindo wa kanga.

"Na akifanya kusudi, kwa roho mbaya tu?"

"Hatulipi."

"Afadhali. Wayao nawajua." Laurinda akapiga hatua mbele. "Haya. Mkorosho hauna haraka. Atakosea maua yakichanua, hasara wataiona wakati wa kuokota, na hapo mkataba umekwisha, bima imekwisha, yeye yuko hapa ananenepa. Mteja ndiyo kwanza anakuja kudai. Mnalipa?"

Kassimu akakohoa. "Yetu... inapokea madai ya wakati bima iko hai, dada yangu."

"Yetu inampa muda wa ziada baada ya bima kuisha," alisema Rukia, akiweka kikombe chini, "mradi kosa lenyewe lilifanyika bima ikiwa hai."

Ngome ya Kassimu ikapata ufa. Lakini Laurinda hakuwa amemaliza. Akashusha sauti, na sauti yake ikishuka huwa inatisha zaidi.

"Na akifa? Maana atakufa huyu, nami nitakuja matangani kwake kudai haki yangu ya utani. Sasa nikiwa hapa nalia na kucheka, mteja akaingia akasema marehemu alimtia hasara, anaitaka nyumba hii, mama mtu ndani yake. Mtafanya nini?"

Kassimu, na asifiwe kwa kusema kweli, aliinamisha kichwa. "Hilo itabidi nikaulize ofisini."

"Akifa," alisema Rukia, "bima yetu inalinda mirathi yake. Kwa kiwango alichokatia, anayedai atatudai sisi."

Bi Mwanahamisi alikuwa ameacha kucheka. "Nyumba hii?" aliuliza taratibu. "Nyumba hii ndiyo ingechukuliwa?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana nilikuwa nauliza."

"Kumbe ulikuwa ukiniwazia mimi, nami nakuambia koma." Mama akaja akaketi mkekani, akajifunga kanga vizuri, akamgeukia Rukia. "Haya, binti yangu. Hebu rudia hapo pa mwanangu akifa. Polepole, nisikie vizuri."

Rukia akarudia. Kisha Somoe binti Hemedi, macho yakiwaka, akasaini bima ya Rukia kwa herufi kubwa zilizojaa fahari, na Laurinda akapiga vigelegele vilivyowaamsha kuku wa mitaa mitatu, na Kassimu naye akapiga makofi kwa kuwa uungwana wake ulikuwa wa kweli.

Lakini sauti iliyoshinda zote siku ile ilitoka uani. Bi Mwanahamisi alikwenda mpaka kwenye uzio, akaushika kwa mikono miwili, akamwita jirani yake kwa nguvu za ujana wake wote.

"Husna! Husna wee! Mwanangu akikosea, kuna wa kulipa! Na akifa, vilevile!"

"Hongera, jamani," alijibu Husna, asijue ampe mkono wa heri au wa pole.

Kwa hiyo waandishi wa historia wajue, na watoto wa Magomeni wafundishwe, kwamba hiyo ndiyo siku Somoe Mtimua-Ukungu alipojipatia haki ya kwenda Kilambo akiwa binadamu, mwenye kuweza kukosea, na mama yake akabaki nyumbani kwake anafagia ua.