Malalamiko ya Kuwekwa Chini ya Mbwa

Mahongole,
Makambako.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Ushauri Elekezi,
Njombe mjini.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MKE WANGU TABEA, MTUMISHI WENU

Kamwene. Mimi ni mume wa Tabea, mshauri elekezi wenu tangu mwaka juzi. Sina chuki na kazi yenu. Faida zake naziona. Mmempa koti zito la kukabili baridi ya Njombe. Akiingia ofisi ya kata, mtendaji anasimama. Warsha ikifanyika hotelini, hutuletea kuku kwenye leso. Lakini mwezi uliopita alikuja likizo ya wiki mbili, na yaliyonipata ni haya:

1. Siku ya pili aliitisha kikao cha wadau sebuleni. Tulikuwa mimi na mama yangu tu. Akidi haikutimia, akamhesabu mbwa.

2. Aliniuliza kazi yangu hapa nyumbani ni ipi. Nikajibu kwamba mimi ni baba mwenye nyumba. Akaandika, kisha akasema kwa upole, "Hicho ni cheo, Ebeneza. Mimi nimeuliza kazi."

3. Alifanya mradi wa majaribio wa ugali. Mama alipewa ugali na maharage, mimi nikapewa dodoso la maswali nijaze, ili tulinganishwe. Ulichukua siku tatu. Matokeo yalionyesha kwamba nina njaa.

4. Ripoti ilitoka, kurasa arobaini, pamoja na picha yangu nikiwa nimekaa. Iligundua kuwa kulinda boma anafanya mbwa, kupokea wageni anafanya mama, na kilichobaki kwangu ni kunywa pombe ya ulanzi na kulaumu mvua. Ikapendekeza idara yangu iunganishwe na ya mbwa, na mbwa awe msimamizi kwa kuwa ana uzoefu wa uwandani.

5. Nilikata rufaa kwa mama yangu mzazi. Alisema ripoti imechelewa miaka kumi.

6. Tangu hapo mbwa haniitikii. Alhamisi nilimwita mara nne. Alinitazama kama mtu anayesubiri barua rasmi.

7. Hili ndilo linaloniuma. Jumapili nilimsindikiza Tabea stendi. Nilitegemea aniage kama mke anavyomuaga mume. Alinipa mkono, akanishukuru kwa ushirikiano. Nilirudi Mahongole kwa miguu, nami si mtu wa kutembea.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ripoti ibatilishwe, nirudishwe juu ya mbwa, hata kwa kipindi cha matazamio. Pili, Tabea aachishwe kazi hiyo, arudi awe mke asiye na hadidu za rejea.

Nisalimieni wafanyakazi wote, dereva, na mlinzi wa getini, ambaye naomba asifanyiwe tathmini. Mama anawasalimu. Mbwa hajambo.

Wenu mtiifu, chini ya usimamizi,

Ebeneza

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mke wa jirani yangu Haruni aliniomba nikawatazamie mambo ya kwao, kwa kuwa tathmini nimeshaizoea. Nilikwenda na kalamu. Nimependekeza Haruni aunganishwe na jogoo. Mkewe alifurahi sana, na kesho naitwa nyumba mbili zaidi. Kwa hiyo yale maombi mawili yafuteni. Naomba nafasi ya kazi. Haruni anasema naye atawaandikia. Barua yake ikifika, msiishughulikie.