Chupa Ngapi za Kulaza

Jumatatu, 2 Juni
Muuza mvinyo kanipigia simu. Zabibu za mwaka juzi, anasema, hajapata kuona mfano wake tangu aanze kazi: jua la kutosha, mvua yenye adabu. Ila mvinyo wake si wa kunywa sasa. Ni wa kulazwa gizani miaka kumi na mitano. Swali ni chupa ngapi. Nikamwambia mimi ni mtu wa kiasi, ishirini zinanitosha. Akasema shemeji yangu amechukua sitini.
Sishindani na mtu. Nimeagiza themanini.

Jumanne, 3 Juni
Mvinyo unataka giza, ubaridi na utulivu. Nyumba hii ina mahali pamoja tu penye sifa hizo: kijichumba cha chini ya ngazi, anamoshonea mke wangu. Nimemweleza kwamba mle anajiharibu macho, ahamishie cherehani sebuleni. Aliguswa. Akasema miaka thelathini na mmoja ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza nimeyafikiria macho yake. Nilijisikia vibaya kwa dakika kadhaa.

Jumatano, 4 Juni
Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nina miaka sitini na minne. Idadi ya chupa inategemea idadi ya siku zangu! Nikaenda kwa daktari aniambie nimebakiza miaka mingapi. Akapima presha, akauliza kama natumia pombe. Nikajibu kwa ukweli kabisa kwamba sitagusa tone kwa miaka kumi na mitano. Akanipongeza, akanipa mkono. Miaka hakuitaja.

Alhamisi, 5 Juni
Chupa zimefika. Nimebeba kreti zote pamoja na dereva, mgongo sina. Mke wangu akatokea, utepe wa kupimia shingoni. Akatazama kreti, akatazama kijichumba, akanitazama mimi.
“Kumbe macho yangu,” akasema.
Chakula cha mchana sikukiona. Cha jioni nilijipikia, nikakiunguza.

Ijumaa, 6 Juni
Shemeji kaja kukagua. Na tochi! Akauliza mvinyo wenyewe una ladha gani. Sikuwa nimeonja. Yeye naye hakuwa ameonja. Tukatazamana. Halafu akatamka, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, kuwa ameongeza arobaini, sasa anazo mia. Amezilaza chini ya kitanda cha mama yake, ambaye ni mkwe wangu. Mama halalamiki, hasikii vizuri. Nilimpongeza kwa tabasamu la kulazimisha. Taya linaniuma mpaka sasa.

Jumapili, 8 Juni
Mke wangu kafungua chupa. Bila kuniuliza! Saa sita mchana, barazani, na bilauri mbili za kunywea maji. Nikamkumbusha kuhusu miaka kumi na mitano. Akasema yeye hajui kama anayo, mimi sijui kama ninayo, lakini Jumapili tunayo.
Nikakaa. Mvinyo ulikuwa mkali, halafu ukawa mzuri. Akanisimulia habari za kazi yake ambazo sikuwahi kumuuliza: bibi harusi aliyenenepa mara mbili kabla gauni halijaisha. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Akasema tufanye hivi kila Jumapili. Nilikubali. Tena kwa moyo mweupe, naomba ieleweke.

Jumatatu, 9 Juni
Nimepiga hesabu. Chupa moja kila Jumapili, na zote zitakwisha kabla ya miaka miwili. Zikiwa bado changa! Jibu liko wazi: zinahitajika chupa za kunywa wakati tunasubiri chupa za kunywa. Nimeagiza mia mbili.
Shida ni nafasi. Fundi seremala anakuja alasiri kupima rafu za chumba chetu cha kulala. Kitanda, ukikifikiria vizuri, kinatumika usiku tu.