Mama Mkwe Ameuteka Ua Wangu

Jumatatu, 4 Mei 1959

Nimekasirika. Nataka hilo lijulikane kuanzia mstari wa kwanza.

Mama mkwe alikuja hapa Ruiru kututembelea wakati wa Pasaka. Pasaka imepita, mvua imeanza, mahindi yamefika magotini, yeye bado yuko. Mila yetu inasema mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Mila nzuri! Basi analala katika stoo yangu, na baiskeli yangu ndiyo inayolala nje. Mnyororo umeshika kutu. Leo imenipeleka kazini ikilia njia nzima kama nguruwe anayechinjwa.

Hilo ningelivumilia. Kinachonichoma ni ua.

Ua wa kiwanja hiki niliupanda mimi, Gerishon, kwa mikono yangu. Michongoma upande wa barabara. Kariaria upande wa jirani, ile miti yenye vidole vya kijani na utomvu mweupe kama maziwa. Chini yake yameota mengine yenyewe: tunguja, thabai yenye majani ya kuwasha, na mengine nisiyoyajua jina. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuusifu. Sasa amekuja mama mkwe, Mama Wamboi, na ugoro wake na sauti yake, akautazama mara moja, akatangaza kwamba hii ni hospitali nzima imesimama bure.

Tangu hapo ni foleni. Jioni nimemkuta Katunge, yule anayeuza ndizi stesheni, amekaa kwenye kiti changu, mdomo wazi, mama mkwe akimfukizia jino kwa mbegu za tunguja. Jino likatulia. Katunge akamkumbatia mama, akaondoka akikanyaga maharagwe yangu. Ameacha kuku. Ua wangu, moto wangu, kiti changu. Lakini kuku ni wa mama!

Na kufoka siwezi. Mtu hamfokei mama mkwe. Anainamisha kichwa na kusema, "Ndiyo, Mama." Leo nimesema "Ndiyo, Mama" mpaka taya linaniuma. Taya hilo sitamwonyesha!

Jumanne, 5 Mei

Nimetumia akili. Kwa kuwa siwezi kumwambia mama mwenyewe, nimemtuma mke wangu Mumbi. Amweleze kwa adabu kwamba ua una mwenyewe, na kuanzia leo anayetaka hata jani moja aombe ruhusa kwangu.

Mumbi akaenda stoo. Nikasikia wanacheka. Akarudi akaniambia mama ameshukuru sana.

Ameshukuru nini?

Mumbi akasema amemwambia mama hivi: Baba Gathoni, yaani mimi, anasema uchume tu, ua ni wako. Eti aliona maneno yangu yana makali, akayalainisha kidogo. Kidogo!

Mama akatoka akaniita mwanawe mbele ya wagonjwa wote. Nikainamisha kichwa. Ndiyo, Mama.

Jumatano, 6 Mei

Kwa nini nigombane na hospitali iliyo kwenye ua wangu? Nitakuwa daktari mimi mwenyewe!

Leo nimechelewa kazini makusudi nikajificha nyuma ya choo. Mama amechuma thabai, mkono umefungwa kitambaa, akaingia nayo jikoni. Baadaye akatoka akamkanda magoti Simeon, mlinzi wa stesheni. Simeon alikuja kwa fimbo mbili, akaondoka kwa moja. Alichofanya mama huko jikoni sikukiona, maana Mumbi alinikuta nyuma ya choo akauliza kama tumbo linanisumbua. Si kitu. Mwenye akili hujazia mwenyewe.

Mgonjwa ninaye tayari. Mimi nashona kwenye baraza la duka la Mahesh, na Mahesh hawezi kukaa kimya. Ameniambia rafiki yake Jaswant, mwenye kiwanda cha mbao kule Thika, ameumwa na mgongo mpaka anatembea akitazama viatu vyake. Madaktari wamemshinda.

Hawajamshinda Gerishon.

Alhamisi, 7 Mei

Siku mbaya. Siku mbaya kabisa!

Asubuhi ilikuwa nzuri. Karani wa vibali vya kusafiri nilimwambia naenda Thika kutafuta uzi, akagonga muhuri bila kuinua macho. Nilivaa koti jeupe ambalo mtu wa zahanati ameniletea nishone kifungo. Nikajiita Daktari Dalmas kutoka Kisumu, ili mambo yakiharibika yaharibikie Kisumu.

Jaswant alinipokea vizuri. Akalala kifudifudi juu ya ubao wake mwenyewe, mgongo wazi. Nikavaa glavu, nikatoa thabai mbichi, nzuri, zenye umande bado, nikamkanda kwa nguvu kutoka shingoni hadi kiunoni.

Mwanzoni aliguna tu. Halafu akapiga ukelele uliosimamisha misumeno yote.

"Moto! Wewe natia moto kwa mgongo yangu!"

Nikamwambia huo si moto, ni dawa inaingia. Nikaongeza kidogo upande wa kushoto. Hapo ndipo Jaswant aliposimama. Mtu aliyekuwa akitazama viatu vyake tangu Krismasi alisimama wima, mrefu kuliko nilivyodhani, akashika mbao. Nikakimbia. Akanifuata mpaka daraja la Chania, na hata katika hofu yangu niliona kwamba anakimbia vizuri sana. Mkono mmoja wa koti umebaki kwake.

Glavu zilikuwa na matundu. Mikono yangu imeumuka kama maandazi. Mumbi ameuliza ni nini. Nyuki, nikasema. Akauliza hao nyuki wamekula na mkono wa koti? Nikaitumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji.

Jumamosi, 9 Mei

Sijawahi kuonewa namna hii tangu nizaliwe.

Asubuhi nashona kaptura. Nasikia lori. Nanyanyua kichwa: Jaswant! Niliingia chini ya kaunta ya Mahesh nikajifunika kwa jora la kitambaa cha marekani. Mahesh akaniuliza nafanya nini. Natafuta sindano, nikasema.

Jaswant akaingia kwa hatua kubwa. Nikafumba macho. Akauliza yuko wapi yule daktari mwenye koti jeupe, Dalmas. Alimwona akikimbilia upande wa Ruiru.

Anataka kumshukuru!

Usiku ule ule mgongo ulilainika. Amelala vizuri. Ameinua gogo. Mahesh akasema Dalmas hamjui, lakini kama ni mambo ya majani, bibi wa majani hapa Ruiru ni mmoja tu, Mama Wamboi. Jaswant akasema basi huyo Dalmas lazima ni mtumishi wake.

Mtumishi!

Nilitoka chini ya kaunta nimejaa vumbi, nikapiga kelele kwamba ni mimi, Dalmas ni mimi! Lakini lori lilikuwa limeshaondoka. Mahesh akanitazama kwa huruma, akaniambia nipumzike leo.

Nilipofika nyumbani, mama ameketi kwenye kiti changu, amejifunika blanketi jipya zito, mbele yake kuna gunia la sukari. Ati Mhindi mmoja kutoka Thika alikuja kumshukuru kwa mgongo wake. Mgongo huo mama haukumbuki, lakini anatibu wengi.

Sukari imewekwa stoo. Stoo yangu.

Jumapili, 10 Mei

Kanisani mzee wa kanisa amemsimamisha mama mbele ya watu wote, akamshukuru Mungu kwa kutuletea mikono yake. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa na lile blanketi mabegani, jua kali vile, jasho linamtiririka, hataki kulivua.

Hakuna aliyeutaja ua. Hakuna aliyemtaja aliyeupanda. Mumbi aliniegemea akaninong'oneza nijikaze nitabasamu, watoto wananiogopa.

Vizuri. Ukiondoka ua, daktari naye ataondoka. Kesho wanawake wakienda sokoni, nanoa panga.

Alhamisi, 14 Mei

Naandika kwa jicho moja. La pili bado limefungwa. Kama mistari inapanda, isamehewe.

Jumatatu nilianza na michongoma. Miiba ilinichana, nikaichana pia. Nilikata na kukata, na kila pigo nilitaja jambo: baiskeli! Kuku! Sukari! Mtumishi! Nilisikia raha ambayo sijaisikia mwaka huu. Nikafika kwenye kariaria, nikaikata hadi mti wa mwisho. Tawi lilikuwa juu. Nikatazama juu, nikapiga.

Utomvu uliniingia macho yote mawili.

Thabai ni mchezo. Huu ulikuwa moto wenyewe. Nilianguka juu ya matawi, nikapiga kelele, nikafungua macho na sikuona kitu. Weupe mtupu. Nikafikiria cherehani yangu. Fundi asiyeona atatunga uzi namna gani? Nilimwita Mumbi. Nilimwita mama yangu, ambaye amekufa siku nyingi.

Aliyekuja ni mama mkwe. Alikuwa amerudi na Mumbi kuchukua kikapu. Mila inasema hatushikani, mimi na yeye. Hakukumbuka mila. Alinikamata kichwa akakibana katikati ya magoti yake kama cha mbuzi.

"Usisugue! Ukisugua nakuvunja mkono."

"Ndiyo, Mama."

"Mumbi, maji! Birika lote! Wewe fungua macho."

"Hayafunguki, Mama."

"Yatafunguka. Nani alikutuma kukata kariaria ukitazama juu?"

"Nilikuwa napunguza ua, Mama."

Nikasikia magoti yake yakigeuka. Nadhani ndipo alipotazama. "Umepunguza wote?"

"Ndiyo, Mama." Akamimina maji, akamimina, akamimina. Mumbi akakimbia kisimani akarudi, akakimbia tena. Wakati fulani maji yalinidondoka shingoni yakiwa ya moto. Nilidhani ni ya birika. Mumbi anasema birika lilikuwa kwake wakati huo, na mama alikuwa akilia, huku akinitukana bila kupumzika. Nilimuuliza mama mwenyewe. Akasema ni ugoro.

Kisha likaja lori. Jaswant tena! Alimleta ndugu yake anayeumwa na bega. Bila kuuliza sana, akanibeba kama ubao akaniweka mbele, mama akapanda nami, tukaenda hospitali ya Thika. Njiani gurudumu likaingia shimoni, nikapiga yowe. Jaswant akakanyaga breki.

"Hii sauti mimi najua! Wewe Daktari Dalmas!"

Akanipiga mgongoni kwa furaha mpaka meno yakagongana. Akamsimulia mama yote: koti, thabai, daraja. Hatimaye ukweli umetoka! Nilikaa wima, macho yamefungwa kitambaa, nikisubiri mama aniombe radhi.

Mama akanishika bega. Halafu akauliza polepole, "Mbichi? Ulimpaka mbichi?"

Kumbe huchemshwa.

Alicheka mpaka tukafika Thika. Jaswant naye akacheka. Mimi sikucheka. Mgongo si ulipona?

Daktari wa hospitali alinisafisha tena, akatia dawa, akasema kama maji yangechelewa ningeshona kwa kupapasa maisha yangu yote. Alimshukuru mama. Akamshika mkono. Hata huko!

Jumatatu, 18 Mei

Macho yote mawili yako wazi. Nimerudi kwenye cherehani.

Ua hakuna. Mbuzi wa jirani wameingia wamemaliza maharagwe. Nilidhani angalau mama atafungasha. Jana amemwita Mumbi, nami nikiwa hapo hapo, akamwambia hawezi kumwacha binti yake kwenye kiwanja kisicho na ua, na mtu kama huyu. Atakaa mpaka michongoma iote tena. Michongoma! Ambayo hukua kama mtu anayelipwa kwa siku!

Wagonjwa bado wanakuja. Anachuma kwa majirani. Majirani wanafurahi. Wanamletea hata majani yenyewe, yamefungwa vizuri.

Nimesema, "Ndiyo, Mama."

Lakini leo limetokea jambo. Nilikuwa barazani natunga uzi, na uzi ukaingia kwenye tundu mara ya kwanza. Nikatazama stesheni. Nikasoma namba ya behewa kutoka pale nilipokaa! Namba hiyo sijawahi kuisoma maishani mwangu. Kweli sikuwahi kujaribu, lakini hilo si hoja. Hoja ni hii: kabla ya kariaria sikuisoma, baada ya kariaria nimeisoma.

Si ajali, basi. Ni dawa ya macho. Inachoma kwa sababu inasafisha. Kosa langu lilikuwa kipimo tu, maana nilimwagiwa tawi zima, wakati tone moja lingetosha. Na hili mama mkwe halijui! Yeye dawa hiyo aliimwagia maji!

Mahesh anavaa miwani mizito kama vitako vya chupa. Jioni nimemuuliza kama hajachoka nayo. Akasema amechoka sana.

Kisiki cha kariaria kimeshaanza kuchipua. Kesho mapema, kabla mama hajaamka, nitakinga utomvu wake kidogo. Safari hii simwambii mtu yeyote mpaka wakati wa kushukuriwa.