Uzinduzi wa Vidonge vya Shangazi Veneranda

Jirani yetu Apolinaria, muuza karanga wa kituo cha Tura, anaapa aliviona vidonge vya shangazi vikipita kwa treni, vimelazwa kitanda cha daraja la kwanza, askari kasimama pembeni. Mimi sibishi. Kwa heshima vilivyopewa huku Tabora, angesema vilipigiwa saluti ningeamini.

Kansa ya shangazi Veneranda ilianza kwenye titi, ikapanda mpaka kwenye ubongo. Anaangusha vikombe, na siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu bibi. Daktari Kaneza alitueleza kwamba ubongo una geti lake, dawa nyingi zikifika hapo zinarudishwa. Hivi vidonge vinapita. Haviufuti ugonjwa, ila vinaweza kuushika usikimbie.

Lililobaki ni geti la stoo ya hospitali, vidonge vilikofungiwa.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Mapokezi na Uzinduzi wa Vidonge. Mwenyekiti, Bwana Leodgar, alitangaza: "Dawa ya kihistoria haimezwi kienyeji! Itazinduliwa na mgeni rasmi." Mimi niliteuliwa mjumbe, kuwakilisha ndugu wa wagonjwa. Darasa la saba lilitosha, maana kazi yangu ilikuwa kukubali.

"Shikamoo, mwenyekiti. Shangazi kaanguka tena jana."

"Marahaba, binti. Mwambie avumilie, turubai limeshapatikana."

Mgeni rasmi akaahirisha, alikuwa semina. Akaahirisha tena, alikuwa akizindua kisima ambacho watu wa Goweko walikuwa wakikitazama tu tangu masika. Daktari Kaneza akauliza ubongo wa mgonjwa usubiri mpaka lini. Kamati ilimpongeza kwa swali zuri.

Hatimaye mgeni akafika. Akakata utepe, akahutubia kwa kirefu juu ya umuhimu wa kuwahi matibabu. Shangazi akapewa vidonge na maji, akameza. Makofi.

Sasa, kwa itifaki, mgeni rasmi haondoki kabla ya neno la shukrani, na neno alipangiwa shangazi. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, neno ninalo," alisema polepole, "ila limo kichwani, na kichwa ndicho kinachoumwa. Nimekusubiri mwezi mzima. Na wewe kaa kidogo, dawa ifanye kazi, nikushukuru vizuri. Jamani, mpeni soda."

Akaketi. Mshereheshaji aligeuza ratiba mbele na nyuma, hakuona kifungu cha kumwondoa mgeni ambaye hajashukuriwa. Mheshimiwa, aliyekwisha kusimama, akakaa tena. Jua likamfuata mpaka chini ya turubai.

"Vumilia, mheshimiwa!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Dawa ya kihistoria hiyo!"

Bwana Leodgar akaja kunyatanyata, akachuchumaa mbele yangu na suti yake.

"Binti, nakuomba. Wewe ni mjumbe mwenzetu. Mwambie shangazi aseme asante tu, neno moja, mheshimiwa aende zake."

Nilimrekebishia shangazi kitenge begani, nikampanguza jasho. "Mwambie avumilie, mwenyekiti," nikasema, "soda imeshapatikana."