Lenzi Yenye Fremu Yake

Habari iliyotuharibia kahawa asubuhi ile aliileta Heriel, mwenye duka tunayemwita Mangi, tena kabla hajafungua hata kufuli la pili la duka lake.

"Aisee, mmesikia? Ijumaa tingatinga linakuja. Nyumba ya Bi Sabaha inaenda chini, linapanda ghorofa."

Mimi ndiye muuza kahawa wa hapo kwenye kibaraza cha duka lake, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, wananiita Spika kama wa bunge, kwa hiyo upuuzi wote wa Kariakoo unaanza kupita kwangu. Nyumba yenyewe tunatazamana nayo, mtaa mwembamba tu unatutenganisha. Ni ya zamani: mlango mmoja mkubwa wa mbao, baraza refu, nguzo moja kila mwisho. Maghorofa yameibana kulia na kushoto mpaka inapumua kwa shida.

"Ghorofa ngapi?" aliuliza Wilbert, fundi simu. Tunamwita Fulu Chaji, kwa sababu mdomo wake hauishi moto.

"Kumi na mbili," alisema Heriel.

"Kumi na mbili! Hapo hapo penye kiwanja cha kuanikia kanga mbili? Mangi, si litakuwa jembamba kama fimbo?"

"Bongo hii, bro. Ingekuwa ruhusa, hata makaburini wangepandisha ghorofa."

"Marehemu wa juu alipe zaidi, ana upepo," Wilbert akadakia.

Nikawaambia waogope Mungu. Wakacheka. Hakuna anayemwogopa Mungu kabla ya kikombe cha pili.

Ndipo akatokea Anuari, amebeba stendi ya miguu mitatu begani na sanduku la mbao kifuani. Anuari ni mpiga picha, jina lake la kijiweni ni Shuka, maana kamera yake ni ile kubwa ya kizamani yenye mvukuto, na ili aone kitu lazima ajifunike kichwa na shuka jeusi. Watoto wa mtaa wanadhani anaaguliwa.

"Mangi, nisaidie," alisema huku anatweta. "Nahitaji mlango wako."

"Mlango wa duka? Wateja wapite wapi?"

"Chini ya stendi. Bi Sabaha anataka picha moja kabla hawajavunja. Nyumba nzima, nguzo hadi nguzo, na kila aliyelelewa humo ndani asimame barazani. Itakuzwa kubwa kama ukuta, itundikwe kwenye mlango wa hilo ghorofa. Mwenye mradi kakubali."

"Nyumba nzima, picha moja, na mtaa mwembamba namna hii?" Wilbert alitoa simu yake. "Shuka, acha kujitesa. Kamera ya hii hapa inapiga pana, ina zumu ya pointi tano. Nabofya tu, nyumba inaingia na jirani yake na deni la jirani yake."

"Ukiikuza iwe ukuta, mlango utakuwa uji," Anuari alimjibu. "Filamu yangu moja ina upana wa sahani ya wali. Kila msumari utahesabika."

"Basi rudi nyuma," Heriel akashauri.

"Nirudi wapi? Mgongo wangu ushagusa magunia yako ya sukari. Nikirudi tena nitatokea Ilala."

Ilibidi apate lenzi pana, yaani lenzi inayokumbatia eneo kubwa ukiwa umesimama karibu. Mpya huzipati mjini hapa hata uchinje mbuzi. Lakini Nasreen, binti wa mwenye studio moja ya zamani kule Posta, alikuwa na mbili za marehemu baba yake. Kampa Anuari zote azijaribu, achague moja, nyingine airudishe kabla ya adhuhuri. Na Bakili, mtoto wa kwanza wa Bi Sabaha, alishamwahidi mama yake kwamba picha ni zawadi yake: atainunua yeye hiyo lenzi, na ikishapiga picha itabaki kwa Anuari kama ujira.

Anuari akaziweka mezani kwangu, kando ya kashata. Ya kwanza ndogo, inang'aa, imelala kwenye kikasha chenye mahameli. Ya pili kubwa, ukingo umebonyea, na pembeni mwa kioo kuna mkwaruzo mrefu kama kucha ya paka.

Kijiwe kikageuka kuwa tume.

Heriel alizipima mkononi kama mtu anayechagua nazi. "Aisee, chukua hii ndogo. Safi, gredi A. Ile nyingine imetoka vitani."

"Subiri, tuangalie kuvu." Wilbert aliinua moja moja kwenye mwanga, jicho moja amelifumba. "Ndogo hakuna. Kubwa hakuna. Skrubu hazijatafunwa, hazijafunguliwa na mafundi wenzangu. Tumshukuru Mungu."

"Shata ya hiyo kubwa, kile kilango cha mwanga, inasinzia kidogo," alisema Anuari. "Ukiiambia sekunde moja inakaa moja na nusu. Si neno, nitafunga na kufungua kwa kifuniko."

"Na mkwaruzo?"

"Uko pembeni, nitaupaka rangi nyeusi. Picha haitaujua."

"Kaka, mimi nina thina dukani," Wilbert akasimama. "Dakika mbili, nausugua unaondoka."

Anuari aliidaka lenzi akaifunga kwenye leso. "Ukiigusa na thina nakuvunja vidole vyote vya kazi."

Basi akaijaribu ile ndogo kwanza. Akaifunga mbele ya kamera, akajitumbukiza kwenye shuka, akatoka amekunja uso. Kila mtu akataka kuona. Heriel alikuwa wa kwanza.

"Aisee! Nyumba imepinduka, miguu juu!"

"Kamera hii ndivyo inavyoona, Mangi. Lenzi zote."

"Halafu kona zote nyeusi. Katikati safiii, kona nyeusi. Kama fremu."

"Ndiyo ubaya wake. Kila lenzi inamwaga duara la mwanga. Hii ilitengenezewa filamu ndogo, duara lake halifiki kwenye kona za filamu yangu. Nguzo zote mbili zinazama."

Heriel alitoa kichwa kwenye shuka, macho yanawaka. Nimemjua mtu huyu miaka mingi: akiuza ndoo iliyopasuka, ataiita ndoo yenye kuchujia.

"Shuka, wewe huna biashara. Watu wanalipia fremu, wewe unapewa dezo unanuna? Hii lenzi inakuja na fremu yake!"

"Kweli bwana," alisema Wilbert akiwa ndani ya shuka. "Imekaa kama ya harusi."

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," nikasema mimi.

"Wewe mimina kahawa, Spika."

Hapo ndipo Bakili alipovuka mtaa. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, viatu vya ngozi, simu mbili. Alisalimia kwa kidole, akaingia kwenye shuka, akakaa humo muda mrefu kuliko mtu yeyote. Alipotoka alikuwa anatabasamu.

"Hii hii," alisema. "Fremu nzuri sana. Irudishe hiyo iliyokwaruzwa."

"Bosi, kona zinakufa," Anuari akaanza. "Mtu akisimama kwenye nguzo haonekani."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nanunua mimi au ununue wewe? Nimeshawapanga watu: mama katikati, mimi kulia kwake, wadogo zangu, wake zetu. Wengine pembeni."

"Wengine akina nani?" niliuliza, ingawa moyoni nilishajua. Bakili aliangalia simu ambayo haikuwa inaita.

Jibu lilitoka lenyewe mlangoni mwa nyumba. Fatuma alitoka na viti viwili vya plastiki, gauni jipya, mtandio wa kijani. Huyu ni binti wa marehemu mzee, mume wa Bi Sabaha, kwa mke wake wa Ilala. Mama yake alifariki Fatuma akiwa hata meno hayajaota, na Bi Sabaha ndiye aliyekwenda kumchukua, akamlea humo ndani na wanawe. Bakili hakuwahi kulimeza jambo hilo. Mbele za watu anamwita dada, kwenye vikao anasema "yule wa nje."

Fatuma alivuka akatuamkia. "Shikamooni." Tukaitikia marahaba. Kisha akamgeukia Anuari, uso umejaa furaha.

"Kaka Bakili kaniambia nisimame kule mwisho, kwenye nguzo. Pale ndipo baba alikuwa anakaa jioni, ananipakata. Kaka Anuari, pale nitaonekana?"

Mtaa una makelele ya mikokoteni na spika za wauza sumu ya panya, lakini pale kibarazani Wilbert, ambaye hanyamazi hata akitafuna, alikagua soli ya kiatu chake. Heriel akaanza kupanga sabuni zilizokuwa zimeshapangwa. Mimi nilitaka kumwagia mtu kahawa, na kahawa yangu ni ya moto kweli.

"Dada," alisema Anuari polepole, "kwa lenzi hii..."

"Utaonekana vizuri tu," Bakili akamkata. "Nenda kajaribu kusimama."

Fatuma akaenda akasimama kwenye nguzo, mikono ameikunja mbele, ananyoosha mtandio.

Anuari alimvuta Bakili kando, lakini si mbali, tukasikia. "Bosi, nyumba hii inavunjwa keshokutwa. Picha ndiyo hiyo moja. Akikosekana humo amekosekana moja kwa moja."

"Wewe unataka lenzi au hutaki?"

Anuari akaitazama lenzi. Mtu kapiga picha za pasipoti miaka yote akisubiri lenzi pana, halafu anapewa bure kwa sharti la kumfuta mtoto wa watu. Nilimwonea huruma. Sikumwonea sana.

"Sitaki," alisema. "Zote nazirudisha Posta."

"Mangi!" Bakili akatafuta msaada. "Si umesema ni fremu?"

"Aisee, mimi nilikuwa naongelea biashara," Heriel alimjibu kwa sauti ya chini. "Sikujua umeleta mirathi."

Kabla hayajawa makubwa, Bi Sabaha mwenyewe akatoka. Mwanamke mfupi, amejitanda kanga mpya, anatembea taratibu ila hasimami mahali pasipohitajika. Alivuka mtaa, bodaboda mbili zikampisha bila honi.

"Shikamoo Bi Mkubwa," tulisema kwa pamoja, hata Bakili.

"Marahaba wanangu. Mbona mmenuna? Nani kafa? Anuari, nifungulie hilo shuka nami nione."

"Mama, huna haja, utachoka," alisema Bakili.

"Nimezaa watoto watano sijachoka, nitachoka kuangalia kioo?" Akaingia. Tukabaki tunaangalia nundu ya shuka jeusi na miguu yake midogo yenye kandambili.

"Nyumba yangu imepinduka," sauti ilitoka ndani.

"Ndivyo ilivyo, Bi Mkubwa," alisema Anuari.

"Haidhuru, Ijumaa watamalizia. Na huku kwenye nguzo kuna nini? Naona kiza, na kipande cha mtandio wa kijani."

Heriel akarudi kwenye sabuni zake.

"Anuari. Nakuuliza wewe."

"Ni Fatuma, Bi Mkubwa. Lenzi hii haifiki kwenye kona. Ipo nyingine inafika."

"Nani kachagua hii?"

"Mama," Bakili alisogea, "hiyo ni fremu. Picha za kisasa ndivyo zilivyo, zina fremu humo humo. Inapendeza."

Nilimwona Heriel anafunga macho.

"Fremu," alisema Bi Sabaha. "Kumbe. Mimi mambo ya kisasa siyajui." Akapaza sauti bila kutoa kichwa. "Fatuma! Toka hapo kwenye nguzo mwanangu, njoo kwenye kiti cha kulia kwangu. Fremu si mahali pa mtoto wa mwisho, ni mahali pa heshima. Bakili! Wewe ndiye wa kwanza, baba yako alikupa jina la babu yake. Nenda kasimame kwenye fremu."

"Mama, mimi..."

"Nenda, nione inavyokupendeza."

Alikwenda. Angefanyaje? Alivuka mtaa na kanzu yake ya pasi, simu mbili mkononi, akasimama kwenye nguzo. Fatuma akakaa kwenye kiti, haelewi kwa nini kapandishwa cheo.

"Mama, naonekana?" Bakili alipiga kelele kutoka ng'ambo.

"Naona bega."

Akasogea kidogo. "Sasa je?"

"Sasa hata bega sioni. Fremu inapendeza kweli, mwanangu."

Wilbert alishindwa kuvumilia. "Mkuki kwa nguruwe!" akasema, na kashata ikamtoka puani.

Bakili alisimama pale kwa muda, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, watu wa mtaa mzima wameshajaa kibarazani kwa Heriel kutazama. Mwisho akapiga ukelele ambao hata wauza sumu ya panya walizima spika kuusikiliza.

"Anuari! Weka ile yenye mkwaruzo! Nainunua hiyo!"

Anuari aliibadilisha upesi. Bi Sabaha akachungulia tena, na safari hii nilisikia anavuta kamasi.

"Naiona yote," alisema. "Naiona mpaka bomba la maji alilofunga marehemu."

Ng'ambo, Bakili alipumua, akakung'uta kanzu, akaanza kutembea kurudi katikati ya baraza kwenye kiti chake.

"We Bakili, unaenda wapi?" sauti ilitoka kwenye shuka. "Nimebadilisha lenzi. Wewe sijakubadilisha."