Divai, Kileo na Posa ya Gaju

Jumatatu, 5 Agosti 1991

Naandika haya kwa Kiswahili cha Biryogo, mtaa wa hapa Kigali nilikokulia. Mukamana, mke wangu, hawezi kukisoma. Amani ya nyumba kwanza.

Hali ni hii. Jumamosi watu wa Gitarama wanakuja kumposa binti yetu Gaju. Baba wa kijana, Mzee Hakizimana, ametuma neno: nyumba isiyoweka chungu cha urwagwa haitaki wakwe. Sawa, pombe ya ndizi haijawahi kuua posa. Lakini jioni kaja Jean-Berchmans, mzee wetu wa kanisa, kakaa kwenye kiti changu, kasema pombe ikionekana katika posa hii, kanisa halitafungisha ndoa. Kamaliza chai. Kaomba nyingine.

Kwa hiyo chungu kikiwepo, hakuna kanisa. Kisipokuwepo, hakuna mkwe. Gaju analia jikoni. Anampenda Sangwa wake kweli. Na mimi, baba yake, fundi redio wa Muhima, nafufua redio za watu zilizokufa lakini hili silijui hata pa kulifungulia.

Nikafungua Biblia. Loo! Divai kila mahali! Sikujua kina kiu namna hii kitabu hiki. Nalala nikitabasamu.

Jumanne, 6 Agosti

Nimempelekea Jean-Berchmans arusi ya Kana. Kasema ile ilikuwa juisi. Nikamuuliza mkuu wa meza alishangaa nini, kama ni juisi. Kasema ilikuwa juisi nzuri sana. Mtu huyu hashikiki!

Nikamtolea Timotheo, aliyeambiwa na Paulo mwenyewe atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Papo hapo nikashika tumbo langu nikaugulia. Nadhani niliugulia vizuri kupita kiasi. Alasiri wamekuja wanawake wa maombi, wote, na mikeka yao. Wameliombea tumbo langu hadi giza likaingia, kisha wakaniamuru nifunge hadi kesho. Mukamana alikuwa amepika isombe, kisamvu chetu, na nyama. Nimeambulia harufu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeipata! Kumbukumbu la Torati, sura ya kumi na nne. Jioni, kwenye mafundisho, nikaomba kusoma. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: nunua chochote roho yako inachotamani, ng'ombe, kondoo, divai, au kileo. Kileo! Kimetajwa kwa jina! Ule mbele za Bwana, ufurahi wewe na nyumba yako. Minong'ono. Nyuma kule mtu kasema amina.

Kwa furaha nikaingia aya inayofuata bila kuitazama kwanza. Na Mlawi aliye ndani ya malango yako, usimwache.

Jean-Berchmans kasimama taratibu, kavua miwani. Kasema Mlawi hakuwa na shamba wala urithi, kazi yake madhabahu tu, na yeye pia ni hivyo hivyo. Basi Neno limemwita. Jumamosi atakuja kwangu. Atakaa mbele. Makofi!

Nani kamwalika mtu huyu? Mimi. Kwa kinywa changu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda kwa jirani Usumani, fundi cherehani. Nikamweleza mpango: chungu kikae uani kwake, wakwe watoke mmoja mmoja kama wanaokwenda msalani. Kaweka mkasi chini. Kasema, jirani, umeshindwana na kanisa lako, sasa unataka na mimi nifukuzwe msikitini? Swafiya, mkewe, kacheka mpaka kasimamisha cherehani. Kaniuliza kama nataka wakishonee hicho chungu kanzu, kipite mtaani bila kujulikana.

Jirani wa miaka yote hii!

Ijumaa, 9 Agosti

Lakini yule mama kanipa akili. Chungu hakihitaji kanzu. Chungu chenyewe ni kanzu! Kina shingo nyembamba, mrija unaingia, nani anaona kilichomo? Nimemwambia Jean-Berchmans ndani ni umutobe, juisi ya ndizi tupu. Kaniuliza mara mbili. Nimejibu mara mbili. Mungu anisamehe zote.

Shida moja. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza, wageni wote wakitazama, wajue hakuna sumu. Nionje pombe mbele ya mzee wa kanisa, kisha nimpe mkono nikinuka? Hapana. Nitaweka mrija mdomoni bila kuvuta. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mukamana kaniuliza ni jino gani linauma.

Jumapili, 11 Agosti

Jana sikuandika. 

Wageni walichelewa kwenye vizuizi vya barabarani, wakafika na vumbi na kiu. Jean-Berchmans alikaa mbele kama alivyoahidi, goti lake karibu liguse chungu. Nikainama. Mrija mdomoni, mashavu ndani, macho nimefumba. Nikasema, ah, safi!

Mzee Hakizimana hakutazama mashavu. Alitazama koo. Akasema polepole kwamba koo la mkwe wake halikusogea.

Mwenye nyumba asiyemeza, kwetu sababu yake ni moja tu, na kila mtu pale aliijua. Ndugu wa Mzee Hakizimana alikuwa ameshachukua kofia. Gaju kasimama mlangoni, mikono miwili mdomoni. Nilitaka kusema neno. Mrija ulikuwa bado kinywani.

Ndipo Jean-Berchmans akainuka. Akasema nyumba hii ni ya kanisa, na katika nyumba ya kanisa anaonja mzee wa kanisa. Akanipokonya mrija. Akavuta. Koo likasogea. Likasogea tena. Nikangoja radi.

Akapangusa midomo kwa leso. Akanitazama mimi. Akawageukia wageni: juisi hii ni nzuri, wakwe, karibuni. Akavuta tena kidogo, ya kuhakikisha.

Mzee Hakizimana naye akavuta, akacheka mpaka akakohoa, akasema juisi yenye adabu hivi hajapata kuiona. Kofia ikarudi chini. Posa imekubaliwa! Ndoa Novemba, kanisani! Gaju kanikumbatia hadi mbavu zikalia. Nilikwenda kujifungia msalani ili nipumue tu.

Wakati wa kuaga, Jean-Berchmans alinishika mkono kichochoroni. Kasema hakuonja kwa ajili yangu. Yeye ndiye aliyemfundisha Gaju shule ya Jumapili, mtoto akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, hangeweza kumwona akiaibishwa. Kasema harusini hataki kuona chungu, hata cha maji. Nikaapa. Safari hii nikaapa kweli, na machozi yalinilenga.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimelala kama mtoto mchanga. Mwili mwepesi. Nimemaliza hayo mambo.

Mchana zimefika salamu za Mzee Hakizimana. Anasifu juisi. Anatumaini Novemba itakuwepo, na ya kutosha.

Nikafungua Biblia. Kutazama tu. Kitabu cha Esta, sura ya kwanza! Karamu ya mfalme, siku saba, divai ya kifalme tele, vikombe vya dhahabu, kila mtu kwa kadiri ya mapenzi yake! Sisi tunataka siku moja tu, na vikombe vya plastiki. Hata Mlawi wetu hawezi kupinga unyenyekevu huu. Kesho asubuhi nampelekea.

Nimemweleza Mukamana. Kaniuliza, Baba Gaju, na yule malkia, si karamu hiyo ndiyo iliyomvua taji?

Malkia gani tena?