Nani Anagonga Ukutani

Jumatatu, tarehe 3
Kliniki leo. Sukari kumi na sita! Nesi kanipa picha ya sahani. Nusu mboga, robo nyama, robo wanga. Kasema nipunguze wanga, na moyo nao tuuangalie. Ijumaa nirudi na njaa, nipimwe tena. Nikifaulu ananiandikia karatasi ya kuendelea kubeba saruji ghalani. Nisipofaulu, msimamizi ananipa ufagio. Miaka ishirini na mbili nabeba mifuko. Ufagio! Mimi!
Jirani yangu fundi cherehani naye ana sukari. Kapewa picha ile ile. Anatangaza kibarazani kwamba atanishinda. Tutaonana.

Jumanne, tarehe 4
Nimepata akili. Kama kupunguza wanga ni kuzuri, kufuta kabisa ni kuzuri zaidi. Mboga nazo za nini? Mboga hazinyanyui kilo hamsini. Sahani nzima nyama. Mchinjaji kanichagulia ya mgongo, mafuta matupu. Nimekaanga. Yaliyobaki kikaangoni nimeyanywa.
Fundi kachungulia dirishani. Ananiita shemeji, marehemu mke wangu alimwita kaka. Kauliza, shemeji, hicho ni chakula au grisi ya gari? Nimemwambia akale kiwali chake cha robo.

Jumatano, tarehe 5
Nimeamka, mtu anagonga ukutani. Du-du. Du-du. Kimya. Du. Upande aliokuwa analala marehemu. Nywele zimenisimama. Nikauliza nani. Nikalaza sikio kwenye mto, ndo kwanza ikazidi.
Nikasema ni fundi na cherehani yake. Ananinyima usingizi sukari ipande. Nimekwenda kumpa zake. Cherehani haipo! Iko kwenye matengenezo tangu Jumapili. Kaniangalia sana. Kauliza mbona nahema kama nimekimbizwa na mbwa. Toka mlango wangu hadi wake ni hatua sita.

Alhamisi, tarehe 6
Imenifuata ghalani. Nikiweka mfuko begani, inagonga ndani ya mfuko. Nimeushusha, nimeupasua. Saruji tu. Msimamizi kafoka mpaka mate.
Jioni nimechukua nyundo na patasi, nikautoboa ukuta wa chumbani. Nikipiga moja, unajibu tatu. Shimo likatokea chumbani kwa fundi, ukuta wetu ni mmoja. Jicho lake likaja shimoni. Kauliza natafuta nini. Nikasema namtafuta mke wangu. Nilidhani atacheka. Kasema taratibu, shemeji, dada huku hayupo.
Binti yangu kaitwa na fundi, mmbea yule. Kaweka sikio ukutani, hasikii kitu. Mimi nasikia kama ngoma! Kaweka sikio kifuani kwangu. Uso ukambadilika. Kasema, baba, kesho twende wote.
Mkono wa kushoto umekufa ganzi. Nyundo hiyo. Ingawa niliishika kwa kulia.

Ijumaa, tarehe 7
Sukari saba! Nimepiga mluzi mbele ya foleni nzima. Fundi nane na nusu. Nimemgaragaza!
Nesi hakucheka. Kanibandika nyaya kifuani. Mashine ikaanza kulia. Du-du. Du-du. Kimya. Du. Nimeruka kitandani. Nikasema ndiye huyo, kanifuata mpaka hapa! Nesi kasema, mzee wangu, huyo ni wewe. Sukari imeshuka, lakini mafuta kwenye damu yalikuwa mengi tangu zamani, na mimi nimeyaongezea. Moyo unaruka mapigo. Karatasi sikupewa. Kitanda nimepewa.
Fundi, na kiwali chake cha robo, moyo mzima. Kaondoka anatembea.

Jumamosi, tarehe 8
Wodini. Daktari kasema nifuate ile picha ya sahani, mboga na wanga kidogo vimo, mafuta ya nyama basi. Bila hivyo nyumbani nitarudi nimebebwa. Binti kalia. Nimeitikia yote.
Dawa imefanya kazi. Tangu alfajiri hakuna anayegonga. Nimelaza sikio kwenye mto, hakuna. Nimeweka ukutani, hakuna. Miaka minne toka afe, na siku tatu hizi ndo alikuwa karibu. Nesi hajui kitu. Mashine inajuaje mke wa mtu?
Usiku ule nilipokula nyama ya mgongo ndo alikuja. Nimemwomba fundi aniletee nyingine. Kakataa, kanisonya. Nimempigia mchinjaji. Huyo ni muungwana, anakuja saa kumi, kaifunga kwenye gazeti. Binti nimemtuma akapumzike.
Kitanda nimekisogeza ukutani. Nimelalia ukingoni, nimemwachia nafasi.